Nani Alimufungulia Mulango ya Kilio

Hii maneno niliipata kwa Mama Rebecca mwenyewe, Jumapili nyuma ya misa, tukiwa tunachambua maharagi ku mulango yake kule Bigo, mu muji ya Bunia. Penye yeye alisahau, Inspekta Musoki aliongeza, juu naye alipita siku ile kunywa chai. Ninaandika vile walisema.

Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa inanyesha juu ya Bigo. Inspekta Musoki aliteremuka ku pikipiki, akapangusa uso, akaingia mu lupango, kiwanja ya nyumba ya marehemu Fulgence. Shitingi, ile turubai ya matanga, ilitandikwa kutoka ku ukuta ya nyumba mupaka ku lupango ya jirani. Chini yake wanawake waliimba polepole. Wanaume walicheza karata. Mujane, Jemima, aliikala chini ku mukeka, kitambaa nyeupe ku kichwa, macho kavu.

Musoki alichuchumaa mbele yake.

"Ni weye ulikuja jana ku biro yetu?"

"Ni miye, Inspekta."

"Uliomba polisi nini? Rudilia, miye nisikie na masikio yangu."

"Mutu moja tu. Ule mwenye aliandika. Nimuulize: mume wangu ulimuzika wapi?"

Akatosha telefone chini ya kitenge. Jirani alimutumia ile tangazo ya kifo tangu Jumatano. Iliandikwa mu Barza ya Bunia, ile site ya internet penye watu wa muji, na wa Irumu, na wenye walikimbia Djugu, wanasalimiana, wanauzishana na kutafutana. Mu Barza kuko vyumba. Chumba ya kutangaza wafu inaitwa Kilio. Wakati wa kukimbia, watu walikuwa wanatuma habari ya vifo ovyo ovyo, mama analilia mutoto mwenye iko anakula bugali kwa jirani. Njo maana Kilio ilifungwa: mugeni hawezi kuandika mule. Tangu siku ile, kitu ikionekana mu Kilio, watu wanafunga vitambaa bila kuuliza.

Musoki alisoma: "Tunajulisha famili ya Fulgence wa Bigo kama ndugu yetu alifunikwa na udongo mu shimo ya zahabu. Tulimuzika kule kule. Mumulilie. Mwenzake wa Kazi."

"Mwenzake wa Kazi ni nani?"

"Hakuna mwenye anajua. Fulgence alienda kutafuta zahabu, sasa numero yake haipiti. Hakuna mutu amekuja na shati yake, hata kiatu. Mutu anaweza kufa, Inspekta, bila mwenye alimuona?"

Kijana mwanaume moja, mwembamba, shati nyeupe, aliacha karata na kukuja mbio. Mu mufuko ya suruali yake kitu ya uzito ilikuwa inavuta nguo chini.

"Inspekta, hapa ni matanga, hapana komisaria ya polisi. Ninaitwa Fiacre, ndugu ya marehemu. Kesho tunamaliza kilio. Semeki, huyu bibi ya kaka yangu, atabeba sahani zake, atarudia kwao."

"Kwao ni wapi?"

"Djugu."

"Kwetu walichoma," Jemima alisema, bila kupandisha sauti. "Famili yangu iko mu kambi, chini ya shitingi kama hii. Unataka nirudie ku majivu?"

"Haukuzaa na kaka yangu. Nyumba ni ya famili."

"Sheria haisemi vile," Musoki alimukata.

"Sheria iko mbali, Inspekta. Famili iko hapa."

Ku kiti ya mbao, karibu na mulango, mama muzee alikohoa. Ni Mama Denise, mama ya marehemu. Muguu yake moja ilipumuzika juu ya sufuria yenye iligeuzwa, goti inangaa na mafuta ya mawese. Musoki aliangalia ile goti kupita kiasi, mama akaona.

"Hii ya kushoto niliivunjaka ku ngazi ya kanisa, mwanangu. Mvua ikikaribia, yenyewe inajua mbele ya mawingu."

"Pole, mama. Kesho wanamaliza matanga saa ngapi?"

"Kisha kula ya midi, ile ya saa sita. Ni Fiacre alipanga. Miye ninalia tu."

Musoki alisimama. Kesho kisha kula ya midi, huyu mwanamuke atakuwa ku barabara na sahani zake. Alivuta pikipiki mu matope, akaiwasha.

Yves, mwenye kutengeneza Barza, alikuwa na biro nyuma ya soko: meza moja, mashini moja ya kompyuta, feni moja ya kufukuza joto ya mashini. Aliona koti ya polisi, akapangusa miwani.

"Nionyeshe nani anaweza kuandika mu Kilio," Musoki alisema.

"Inspekta, Barza iko sawa lupango ya mutu. Mugeni akifika, anasimama ku mulango. Kusoma, anasoma vyumba yote. Kuandika, mupaka mu chumba moja tu, Salamu. Anasema jambo. Mupokeaji akimujibu, mashini inamupandisha, ruhusa ingine inafunguka: Soko, Safari, Kilio."

"Na mutu akiingia bila kusema jambo?"

"Anabakia inje. Weye unaweza kuingia kwa watu bila kusema jambo?"

Alionyesha ruhusa ku mashini, moja kwa moja: nani anaanzisha habari, nani anajibu tu, nani anaweza kufuta. Musoki alikaribisha uso.

"Weye, unaweza kuandika na jina ya mutu mwingine?"

Yves alimeza mate. "Ninaweza. Niko na funguo yote. Lakini nikifanya vile, alama yangu inabakia. Angalia, pa ile tangazo hakuna alama yangu."

"Mutu anaweza kuiba konte, akaunti ya mutu mwingine?"

"Anaweza. Lakini hii haikuibiwa. Ilizaliwa Jumatatu. Ilisalimia Jumatatu. Ilipokelewa Jumatatu. Jumatano ikaandika kifo. Ilipita ku mulango mukubwa, Inspekta, na jambo yake mu kinywa."

"Ilitokea fasi gani?"

"Ku telefone. Network inasema Kinshasa."

"Kinshasa!"

"Usifurahi. Kwa network, siye wote tuko Kinshasa."

Musoki alipiga meza na kidole. "Basi nani alimufungulia?"

Yves alishusha sauti sawa mutu anataja mutoto mutundu wa nyumba. "Mama Rebecca. Wapokeaji wengine walichoka, yeye anajibu kila mutu. Nilimuambia: mama, chagua. Anasema hawezi kuacha mutu ku mulango. Leo ninamutosha ruhusa. Kidole iko ku mashini, naifinya sasa hivi."

"Tosha kidole yako pale," Musoki alisema. "Mulango ambayo mwizi alipitia, hatuibomoe mbele ya kuangalia nyayo."

Mama Rebecca iko mukubwa wa miaka, mufupi wa mwili. Miwani yake imefungwa na uzi, telefone yake inalala mu mufuko ya nilo, ile plastiki, isiloane na mvua. Nyumba yake iko avenue ingine kabisa ya Bigo, mbali na matanga. Alimupatia Musoki kiti mbele ya kumuuliza jina.

"Uliamuka, mwanangu? Mama yako iko?"

"Iko, mama. Iko Beni. Ila macho tu, moja imeanza kufunga."

Musoki alijishangaa. Ku kazi, mutu akimuuliza hata alikula nini, hajibu.

"Pole yake," Mama Rebecca alisema. "Utamusalimia. Sasa, nini inakuleta na hii mvua?"

"Mama, Jumatatu ulifungulia mutu mwenye anajiita Mwenzake wa Kazi."

"Nilimufungulia. Alikosa nini?"

"Ulikuwa unamujua?"

"Ningemujua, angekuja ku mulango ya wageni?"

"Unafungulia watu wenye haujui?"

"Mwanangu, weye nilikujua mbele ya kukupa kiti?"

Musoki alikohoa. "Huyu mutu alitangaza kifo. Hakuna mwenye aliona maiti. Juu ya ile tangazo, mwanamuke atafukuzwa kesho mu nyumba."

Mama Rebecca aliacha muzaha. Alitosha telefone mu mufuko ya nilo, akaipangusa na kitenge.

"Yesu wangu. Na alikuwa na adabu! Soma, soma weye mwenyewe. Macho ya mama yako na yangu ni ndugu."

Musoki alisoma kwa sauti.

Mugeni alikuwa ameandika: "Jambo wote. Niko mugeni mu Barza."

Mama Rebecca: "Jambo mwanangu, karibu. Muliamuka? Mama iko? Na bibi, mwenye nyumba, iko aje?"

Mugeni: "Jambo mama. Tuliamuka. Mama iko, ila goti yake ya kushoto, ile alivunjaka ku ngazi ya kanisa, inamusumbua wakati ya mvua. Kwa mwenye nyumba tunashukuru, Mungu..."

Musoki hakumaliza. Kiti ilianguka nyuma yake.

"Ngazi ya kanisa!"

"Unasema nini?"

"Mama, huyu mutu ni mutoto wa ile lupango! Alifunika jina, hakufunika goti ya mama yake! Beba telefone, tuende."

"Na nini?"

"Na pikipiki."

"Miye? Na hii kitenge? Na hii miaka?"

"Shika koti yangu, mama. Na usisalimie watu mu njia, tutaanguka."

Waliingia mu matanga na kelele. Nyimbo ilikatika. Musoki aliruka chini.

"Fiacre!"

Fiacre aliona koti, akaona vile Inspekta anatembea, akakimbia. Alipita mu jiko, akapindua sufuria ya mboga ya sombe, akaruka boma ya lupango. Suruali ikashikwa na muti. Wacheza karata walimuvuta chini sawa muhogo. Kile kitu ya uzito kilianguka kutoka mu mufuko, kikalia ku jiwe: kufuli, mupya, na funguo yake ingali na kamba ya duka.

"Ya kufunga nini?" Musoki aliuliza.

Wote waliangalia mulango ya nyumba. Jemima naye aliangalia.

"Ya kufunga nyumba," Fiacre alisema. "Sawa. Nilitaka kufunga nyumba kesho. Lakini kuandika, sikuandika!"

"Mama yako alivunja goti wapi?"

"Ku ngazi ya kanisa. Kila mutu wa nyumba anajua."

"Na Mwenzake wa Kazi naye anajua. Alisema 'mama iko, ila goti yake ya kushoto.' Mutu gani anaweza kusema vile kama hapana mutoto wake?"

Wanawake walipiga mikono. "Ni yeye! Ni yeye!" Mama Denise alifunika uso.

"Ngojeni," Mama Rebecca alisema. Alikuwa angali anatengeneza kitenge nyuma ya pikipiki. "Inspekta, haukusoma yote. Uliacha salamu katikati. Salamu haiachwi katikati."

"Soma, mama."

"'Kwa mwenye nyumba tunashukuru, Mungu alitupatia mutoto mwanamuke, wiki yenye imepita. Bado anatunyima usingizi.'"

Kisha Fiacre alianza kucheka, matope ku meno.

"Niko na mutoto? Mama, uniambie, niko na mutoto?"

"Huyu?" Mama Denise alisema. "Hata bibi, anamupata wapi? Walimukataa kutoka hapa mupaka Irumu."

Mutu moja alicheka, akajizuia juu ni matanga. Musoki hakucheka. Aligeukia mama muzee, akapiga goti chini mbele ya ile goti yenye mafuta.

"Mama, uko na watoto wanaume ngapi?"

"Wawili. Moja ni huyu mujinga. Mwingine..."

Aliacha. Akashusha muguu kutoka ku sufuria.

"Mwingine ndiye munalilia," Musoki alisema. "Na mutu anaandika: mama yangu iko, goti yake inauma, bibi yangu alizaa. Kama si huyu, ni nani anabakia?"

Hapa, Mama Rebecca ananiambia, hata mvua ilikuwa sawa imesimama kusikiliza. Mwanamuke moja alifanya alama ya musalaba. Mwingine alitosha kitambaa yake ya kilio, akaiangalia, akairudisha.

Jemima alisimama ku mukeka. Alienda ku mutungi, akachota maji, akakunywa kikombe yote.

"Ni muzima," alisema. Kisha akasema: "Iko na mutoto."

"Hatujamuona bado," Musoki alimujibu. "Mashauri ya famili ni kesho. Bila yeye hapa, wataita hii maneno ya polisi."

"Basi mumulete."

Musoki alipigia Yves simu.

"Yves, ile tangazo usifute. Chini yake watu wanaandika nini?"

"Wanauliza kaburi iko wapi. Wanauliza nani alisoma sala. Na anawajibu, Inspekta! Anajibu kila moja. Sasa hivi iko anajibu."

"Mutoshe ruhusa yote. Kilio, Soko, Safari, yote. Muachie chumba moja, Salamu."

"Kwa nini usimufukuze kabisa?"

"Mutu akifukuzwa anapotea. Mutu akifungiwa mulango anarudia kwa nani?"

Yves aliwaza. "Kwa mwenye alimupokeaka."

"Finya."

Walingojea mu jiko, penye sombe ilimwangika. Mama Rebecca aliikala katikati, telefone ku mapaja, Mama Denise kuume, Musoki kushoto, Jemima amesimama. Fiacre naye aliruhusiwa kuingiza kichwa. Viazi ilikuwa inachemuka. Mutu hakuitazama.

Telefone ililia sawa ndege.

"Jambo mama," Musoki alisoma. "Ni miye mutoto wako Mwenzake wa Kazi. Mulango inanikatalia. Unisaidie."

"Nimujibu nini?" Mama Rebecca aliuliza.

"Vile unajibuka watu."

Mama Rebecca aliandika na kidole moja, herufi kwa herufi, ulimi inje. "Jambo mwanangu. Nitakuangalilia ile mulango. Mama anaendelea? Mutoto anaongezeka? Mulimupatia jina gani?"

Waliona ku kioo kama ule mutu anaandika. Anaacha. Anaandika tena.

"Anaongezeka, mama. Tulimuita Denise. Ni jina ya mama yangu."

Mama Denise alitosha sauti ndogo, sawa mutu mwenye alichomwa na sindano. Alishika mukono ya Mama Rebecca.

"Muulize iko na uso ya nani."

"Mama!" Jemima alisema.

"Ninauliza tu."

Musoki alitikisa kichwa. "Muulize ubatizo."

Mama Rebecca aliandika: "Jina nzuri. Niko na kofia ndogo ya sufu nilisuka miye mwenyewe, nitaituma. Munamubatiza wapi?"

Jibu ilikuja mbio. "Aksanti sana mama yangu! Ni Jumapili, huku Mahagi. Peleka ku malori. Tuko nyuma ya parking, nyumba ya mulango ya bulu. Waulize tu Baba Denise, kila mutu ananijua."

Fiacre alipiga paji ya uso. "Kaka! Na mulango akataja rangi!"

"Mutu anaweza kudanganya Leta, hii serikali yote," Mama Rebecca alisema. "Anaweza kudanganya famili yake. Lakini mama akikuuliza habari ya nyumbani, utaanzia wapi kumudanganya?" Kisha alitia telefone mu nilo. "Na kofia nitatuma kweli. Nilishasema."

Musoki alikuwa inje tayari, anapiga simu. Kule Mahagi alikuwa na mwenzake wa polisi, Gaspard, walisoma naye.

"Gaspard, nyuma ya parking ya malori. Mulango ya bulu. Uulize Baba Denise."

"Alifanya nini?"

"Alijizika."

"Unasema?"

"Umufufue, umulete. Kesho asubuhi, na gari ya kwanza. Kesho kisha kula ya midi inakuwa kazi bule."

Jumamosi, watu walikula mapema. Fiacre hakuacha shauri yake. Alisema: mutu mwenye haonekani ni sawa mufu, na maneno ya ku telefone ni upepo. Wajomba, wakubwa wa famili, wakakubali kuikala mu mashauri. Sahani za Jemima zilikuwa tayari mu beseni moja, beseni ku mulango. Musoki alikuwa ku barabara na simu ku sikio. Gaspard hakuwa anapatikana tena. Mu ile njia network inakufa na kufufuka.

Mujomba mukubwa alikohoa. "Tuanze."

"Mbele ya kuanza," Mama Rebecca alisema kutoka nyuma, "miye ni mugeni, sijasalimia."

Akasimama, akaanzia kuume. "Jambo, mwanangu. Uliamuka? Bibi iko? Watoto? Na wa kwako wa Kampala, aliandika? Na mbuzi?" Akapita kwa wa pili. "Jambo, papa. Uliamuka?" Hakuna mutu wa kumukataza. Nani atakataza mama muzee kusalimia? Kila mutu alijibu, na akijibu anakumbuka kitu, na akikumbuka anaieleza. Mujomba mukubwa mwenyewe alieleza ugonjwa ya ngombe yake kutoka mwanzo. Fiacre alikuwa anauma vidole.

Alipofika kwa mutu wa mwisho, gari ililia ku barabara.

Ni Toyota yenye matope mupaka ku kioo. Gaspard aliteremuka mbele. Nyuma, mu katikati ya mifuko ya vitunguu, Fulgence alisimama, vumbi ku nyusi, nyeupe sawa maiti ya kweli.

Mwanamuke moja alipiga kelele. Wawili walikimbilia mu jiko. Mujomba mukubwa aliruka kiti, mutu mwenye alisema goti zake zimekwisha. Wacheza karata waliwacha karata mu hewa. Mama Denise peke yake alienda mbele, anavuta muguu, na fimbo. Alimupiga ya kwanza ku bega.

"Mufu!" Ya pili. "Mufu ya kula bugali!" Ya tatu haikufika, alimukumbata, akalia kilio kubwa kupita ile yote ya tangu Jumatano.

Musoki alingojea amalize. "Fulgence. Ni weye Mwenzake wa Kazi?"

"Ni miye."

"Juu ya nini haukutuma mutu apige simu tu?"

"Wangemujua, wangemuuliza mupaka aseme. Na miye sauti yangu wanaijua. Maandishi haina sauti."

"Na juu ya nini kufa?"

Fulgence aliangalia chini. "Mwanaume akiacha bibi, famili mbili wanamuikalisha, wanamuuliza. Utawajibu nini? Jemima hakukosa kitu. Lakini mufu, nani anamuuliza?"

"Miye nilikuuliza," Mama Rebecca alisema, na watu wote wakacheka, hata wenye walikuwa mu jiko.

Fiacre alisukuma watu. "Basi, imekwisha! Kaka ni muzima, nyumba ni ya kaka. Aseme yeye. Kaka, sema! Bibi wa Mahagi ndiye iko na mutoto wetu. Alete mutoto hapa!"

Fulgence alifungua kinywa. Jemima alikuwa amefika mbele yake. Alitosha kitambaa nyeupe ku kichwa, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe.

"Semeki Fiacre," alisema, "unaweza kurizi mali ya mutu muzima?"

"Hapana, lakini..."

"Basi weye hapa haurizi kitu. Umemusikia, mujomba?"

"Nimemusikia," mujomba alisema.

"Na weye, Fulgence. Ile tangazo, mutu alikulazimisha kuandika?"

"Hapana."

"Ulisema jambo, wakakufungulia, ukaandika weye mwenyewe na mukono yako kama umekufa, nikulilie. Nilikulilia. Nililala chini. Hii muji yote ilininawisha mikono sawa mujane. Mutu akikufa, nyumba yake anaachia nani?"

Fulgence alipangusa vumbi ku nyusi.

"Mama," Jemima aligeukia Mama Denise. "Nikikosa unikosoe."

Mama Denise alipangusa macho na kitenge. Aliangalia mutoto wake mwanaume, akaangalia ile beseni ya sahani ku mulango. Aliinama na goti yake mbaya, akabeba beseni, akaivusha kizingiti, akaiweka ndani ya nyumba.

"Kwangu weye ni mutoto, umerudia, utakula," alimuambia Fulgence. "Mu hii nyumba, weye ni mufu. Nyumba ya mufu ni ya mujane wake. Mujukuu wangu nitaenda kumuona Mahagi."

Wanawake walipiga vigelegele. Mujomba mukubwa alitafuta neno, akaikosa, akasema: "Ni vile." Musoki aliandika ku karatasi vile mama alisema, wajomba wakaweka alama ya vidole chini, Fulgence naye. Jumatatu alipaswa kujibu ku biro juu ya habari ya uongo.

Simu ya Musoki ililia. Ni Yves.

"Nimesikia ni muzima! Ninafuta ile tangazo sasa?"

Musoki alimuuliza Jemima na macho.

"Asifute," Jemima alisema. "Chini yake waandike kama alionekana, watu wasidanganyike. Lakini maneno yake ibakie. Ni yeye aliandika. Mutu akikuja kunisumbua, nitamuonyesha."

"Umesikia, Yves? Ifunge. Mutu asijibu tena, mutu asifute. Hata mwenye aliandika."

"Hata miye?"

"Hata weye. Na Mama Rebecca umuachie ku mulango yake."

"Nilikuwa sijamutosha," Yves alisema. "Kidole ilikataa."

Watu walianza kutawanyika, kila mutu anabeba kiti yake. Gaspard na Musoki walienda kutafuta chai. Mama Rebecca alirudia kwake na miguu. Alisema pikipiki, moja inatosha mu maisha; yenye inafuata, Jemima mwenyewe alimuelezea kisha. Fiacre alikuwa anatafuta kufuli yake mu matope.

"Hautaiona," Jemima alisema. Alikuwa nayo mu mukono.

Mvua ilirudi juu ya shitingi. Mama Denise alitia muguu yake juu ya sufuria, akasinzia mu kiti mbele ya chai yake kupoa. Fulgence hakuwa na fasi ya kuikala. Aliangalia huku na huku, akaona ule mukeka ya matanga, penye bibi yake alimulilia. Alikuwa amechoka na barabara. Akajinyoosha pale, mukono chini ya kichwa, na kidogo tu alikuwa anakoroma.

Jemima alipita juu ya miguu yake, akaingia. Ku mulango, kwa ndani, kulikuwa pete mbili za chuma zenye Fulgence alipigilia zamani juu ya wezi. Alipitisha ile kufuli mupya, akaifinya mupaka ikalia, funguo akaitia chini ya muto. Tangu Jumatano kitanda ilikuwa haijaguswa. Alipanda juu yake na nguo zake zote, muchana ungali muchana, akalala.